Muulize Mhariri wa Picha: Gemu, mawe ya Mwanza na laki nane za maroboti

*Shikamoo dada. Sisi ni vijana wanne wa Kirumba, Mwanza. Tumechanga mpaka tumefikisha milioni moja na laki mbili. Tuna simu mbili nzuri na kompyuta moja ya kuhariria. Hadithi yetu ni ya vijana wanaocheza gemu kwenye banda la mtaani. Usiku mmoja gemu inawameza, wanajikuta ndani yake. Tunataka maroboti, magari yanayoruka angani na mji unaowaka moto. Kuna jamaa amesema atatutengenezea hayo yote kwa kompyuta kwa laki nane. Tumpe?*
Vijana wa Kirumba, Mwanza

Marahaba, wadogo zangu. Msimpe. Simdharau huyo jamaa, huenda ni fundi mzuri. Lakini roboti lake la laki nane litakuja mbele ya mtu ambaye juzi tu ameangalia roboti la mabilioni kwenye simu yake, na atayalinganisha. Hatakumbuka kwamba mlichanga. Atacheka, na mkishachekwa kwenye dakika ya kumi, dakika themanini zilizobaki hamtampata tena.

Kuna waliowatangulia kwenye hadithi hiihii. Mwaka 1993 kampuni ya Full Moon ya Marekani, iliyojulikana kwa filamu za bei ndogo zinazokwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, ilitoa *Arcade*, iliyoongozwa na Albert Pyun. Vijana wanajaribu gemu mpya, gemu inawachukua mmoja baada ya mwingine, na msichana aitwaye Alex anaingia ndani kuwatafuta. Mwandishi wake, David S. Goyer, ndiye aliyekuja baadaye kuandika *Batman Begins* pamoja na Christopher Nolan, kwa hiyo hadithi ilikuwa mikononi mwa mtu anayejua kazi. Kilichowaelemea ni ule ulimwengu wa ndani ya gemu. Waliuchora kwa kompyuta za wakati ule, na michoro ya kwanza ikafanana mno na pikipiki za mwanga za *Tron*, filamu ya Disney ya mwaka 1982. Disney wakaja juu, michoro ikabidi ifanywe upya. Hela ilikuwa ndogo, na bado kazi ileile ikafanywa mara mbili. Ukiitazama leo, sehemu za nje ya gemu, za vijana wenyewe na maisha yao, bado zinakushika. Ukiingia ndani ya gemu unaona watu waliobandikwa juu ya michoro.

Sasa mtazameni Mamoru Oshii, Mjapani aliyekwenda Poland kupiga *Avalon*, iliyotoka mwaka 2001, waigizaji wakiwa Wapoland na lugha ikiwa ya kwao. Huyo hakuwa na shida zenu. Jeshi la Poland lilimpa hadi vifaru vya kweli. Lakini kuna mambo mawili aliyoyafanya ambayo mnaweza kuyafanya hapo hapo Kirumba.

La kwanza ni kifo. *Avalon* nayo ni hadithi ya watu wanaocheza gemu ya vita, na ndani ya gemu hiyo mchezaji akipigwa risasi hatoki damu. Mwili unaganda palepale alipo, unapoteza unene, unakuwa bapa, halafu unavunjika vipande vipande na kutoweka. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudisha nyuma na kuipitisha fremu moja moja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na niliipenda sana. Hamna damu ya kupika, hamna mashati ya kufua kati ya shoti na shoti, na mtazamaji anaelewa mara moja kwamba hapa tuko ndani ya gemu. Kompyuta yenu inaweza kitu cha namna hiyo: gandisha fremu, kata umbo la mtu, livunje. Mkimpa yule jamaa kazi hiyo peke yake, kwa hela ya kazi hiyo peke yake, mtakuwa mmemtumia vizuri.

La pili ni rangi. Karibu filamu nzima ni ya kahawia iliyofifia, vitani na nyumbani pia. Mwanamke mmoja, Ash, anahangaika kufikia ngazi ya siri ambayo wengi waliijaribu wakabaki miili isiyo na fahamu hospitalini. Anaifikia. Na ghafla rangi zote zipo: magari, matangazo ya biashara, watu wanaopita na shughuli zao. Ngazi ya juu kuliko zote ni jiji la kawaida la Warsaw, Poland, mchana wa kawaida. Sehemu ambayo mwingine angeimaliza bajeti yake, Oshii aliipiga barabarani.

Sijawaambia bado kuhusu kamera, na hapo nawataka mtafute *Hardcore Henry*. Mwongozaji ni Ilya Naishuller, Mrusi, ambaye kwanza alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Biting Elbows. Alipiga video ya wimbo wao ambayo kila kitu kinaonekana kwa macho ya mtu anayekimbia na kupigana, kama zile gemu za kufyatua ambazo unaona mikono yako na bunduki tu. Timur Bekmambetov, mtayarishaji, akaiona na kumwambia atengeneze filamu nzima kwa mtindo huo. Ilipigwa zaidi Moscow, kwa bajeti ya kama dola milioni 2. Najua hizo si hela za mchango wa mtaani, ila kwa filamu ya mapigano kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kidogo sana. Septemba 2015 ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, na kampuni ya STX ikainunua kwa dola milioni 10.

Kamera zake ni GoPro, zile ndogo ambazo watu hufunga kwenye pikipiki. Walizifunga kwenye kinyago maalumu cha kuvaa usoni, chenye sumaku za kutuliza mtikisiko. Aliyekivaa ndiye Henry. Yaani mpiga picha ndiye steringi, na ndiye anayeruka na kuanguka.

Fikirini kile kinyago kiliwapa nini. Steringi hana uso, kwa hiyo watu kadhaa walimcheza, akiwemo Naishuller mwenyewe; aliyeumia anapumzika, mwingine anavaa. Steringi hasemi: kwenye hadithi, Henry ameamshwa maabara akiwa nusu mashine, na kabla hawajamwekea sauti maadui wanavamia. Hakuna mistari ya kukariri. Halafu kuna rafiki yake Jimmy, anayechezwa na Sharlto Copley wa Afrika Kusini. Jimmy anauawa, dakika chache baadaye anatokea mwingine, sasa ni mlevi wa barabarani, baadaye ni kanali wa Kiingereza mwenye masharubu. Inakuja kujulikana kwamba Jimmy halisi amepooza, na miili hiyo yote anaiendesha yeye, kama mchezaji mwenye pedi. Mwigizaji mmoja akawapa watu kibao. Mtaani tunasema steringi hafi; kwenye gemu anakufa kila saa na anarudi, na Naishuller alilichukua jambo hilo akalifanya uti wa mgongo wa hadithi.

Basi fanyeni hivi. Mji wenu una mawe. Sijui mji mwingine Tanzania wenye mawe makubwa namna ile katikati ya nyumba za watu, na nyie mnataka kuuchoma moto wa kompyuta! Iandikeni gemu yenu iwe na sheria moja: mchezaji akigusa udongo, amepoteza uhai mmoja. Ni lazima apite juu ya mawe, kuta, mabati, mitumbwi, kutoka mlimani hadi ziwani. Kila mtazamaji wa gemu ataielewa sheria hiyo bila kuelezwa, na kila hatua ya mguu itakuwa na hofu.

Uhai uonekane mkononi. Mfungieni mchezaji vitambaa vitatu vyekundu kwenye kifundo cha mkono. Akipoteza uhai kitambaa kimoja kinakatika chenyewe. Kwa kuwa kamera iko machoni pake, mikono iko kwenye picha muda wote, na hamtahitaji kuchora namba pembeni ya skrini.

Na wale watu wa ndani ya gemu ambao hawachezwi na mtu, wanaorudia neno lilelile kila ukipita? Mnao bure. Mwekeni mama muuza samaki pale mwaloni. Kijana anapita, mama anasema, "Sangara wa leo huyu, baba, karibu." Kijana anakufa, anarudi, anapita tena, na mama anasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile, mkono ukiinuka palepale. Mara ya tatu mtazamaji atasisimka mwili. Mpateni mama anayeweza kujirudia bila kubadilisha hata kope, mumlipe vizuri kuliko mnavyodhani inatosha, maana huyo ndiye roboti wenu.

Kuhusu kufunga simu: tulijaribu na vijana wa ofisini kwangu, kwa helmeti ya bodaboda na mpira wa tyubu. Simu ikikaa juu ya paji la uso, picha inakuwa ya mtu mrefu asiye na mikono. Mikono inabaki chini ya fremu. Ishusheni mpaka usawa wa pua, tumieni lenzi pana, na mchezaji azoee kufanya kazi mikono ikiwa juu kidogo kuliko kawaida, karibu na kifua. Fungeni mwanga na fokasi kabla ya kuanza, la sivyo kila akigeuka kutoka kivulini kwenda juani picha itawaka na kuzima. Mahali pa kukata pawe kwenye mgeuko wa ghafla wa kichwa au kitu cheusi kinachopita mbele ya lenzi. Na rekodini pumzi. Ukae na mchezaji chumbani baada ya kupiga, aangalie picha na kuhema nayo, dakika kwa dakika. Steringi asiye na uso anaigiza kwa pumzi.

Hela zenu ziende kwenye chakula, maikrofoni, magodoro ya kuangukia, na kijana mmoja wa sarakasi anayejua kuanguka. Hilo la mwisho msilifanyie mzaha. Mawe hayana huruma, na mchezaji mwenye simu mbele ya uso haoni vizuri anapokanyaga. Kila mruko ufanyiwe mazoezi bila kamera kwanza, na mirefu ipigwe vipande vipande.

Chukueni kibali cha Bodi ya Filamu, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakitaka, kisha mfike serikali ya mtaa. Kama kutakuwa na bunduki za mbao, polisi wa eneo hilo wajue mapema. Majirani zetu wa Wakaliga, Kampala, kwa Isaac Nabwana, silaha zao za mapigano ni za kutengeneza kwa mikono, na filamu yao ya mwaka 2010, *Who Killed Captain Alex?*, inatajwa kugharimu chini ya dola 200. Mtaa mzima unajua siku ya kupiga picha ni ipi. Nitumieni dakika tano za kwanza mkizimaliza, nitazitazama.

*Nikiwa mdogo Mombasa niliona kwenye video filamu ya kijana anayeishi kwenye nyumba za trela Marekani, akavunja rekodi ya gemu, akaja mzee na gari la ajabu kumchukua kwenda vitani angani. Inaitwaje?*
Msomaji wa Likoni

Hiyo ni *The Last Starfighter*, ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Nick Castle. Yule mzee ni Robert Preston. Vyombo vyote vya angani mlivyoviona vilichorwa kwa kompyuta kubwa ya Cray X-MP, wakati ambapo wengine bado walikuwa wanapiga picha vijimfano vya plastiki. Leo vinaonekana vyepesi, lakini ile sehemu ya wakazi wote wa trela kukusanyika usiku nyuma ya kijana mmoja anayecheza, wakimshangilia, ni ya kweli kabisa kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye banda la gemu.

*Dada, mwanangu wa darasa la saba ameangalia hiyo ya Henry kwa rafiki yake, akarudi anaumwa kichwa na kutapika. Ni filamu au amekula kitu?*
Mama wa Ngamiani, Tanga

Pole, mama. Kama hana homa wala hajaharisha, na kilianza wakati anaangalia, basi kuna uwezekano mkubwa ni filamu. Watu wazima wengi pia walishindwa kuimaliza. Macho yanauambia ubongo kwamba mwili unakimbia na kuanguka, sikio la ndani, linaloshika mizani ya mwili, linasema mtu amekaa. Ubongo unavurugika, tumbo linajibu. Ni kama anayesoma kwenye basi la milimani. Akilala na kunywa maji kidogo kidogo hupita. Kisipopita hadi kesho mpeleke kituo cha afya.

Lakini hata isingemtapisha, si ya umri wake. Uingereza waliipa alama ya 18. Kuna vichwa vinavyopasuliwa karibu kabisa na lenzi, kuna danguro, na wanawake wa ndani yake wamewekwa kama mapambo, jambo ambalo hata mimi ninayesifia kamera yake sikulipenda. Mtoto anayeiona kwa macho ya muuaji anaiona tofauti na anayemtazama muuaji kwa mbali. Zungumza na mzazi wa huyo rafiki, kwa upole. Na kama anapenda hadithi za gemu, mtafutie hiyo aliyoiulizia msomaji wa Likoni hapo juu, mkae naye, taa ikiwa inawaka na yeye amekaa mbali kidogo na skrini.