Pesa za ruzuku zinaingia lini kwa simu?

SWALI: Salamu sana mhariri. Mimi ni mkulima wa mahindi hapa Trans Nzoia, nalima ekari mbili. Chifu alituandikisha, nikatoa kitambulisho na namba ya simu nikaambiwa nimeingia kwa ruzuku ya mbolea. Jirani amepata meseji, mimi kimya. Hizo pesa zinatumwa lini? Manake kuna jamaa anasema nimtumie mia tano aharakishe. Mkulima aliyechoka kungoja.

JIBU: Ndugu yangu, hiyo mia tano kaa nayo. Kujiandikisha ni bure na huyo jamaa hana mahali atabonyeza jina lako lipande juu, anakula tu wenye haraka.

Sasa hii itakuuma kidogo: hakuna pesa inakuja kwa simu. Barua kama yako napata nyingi na nadhani hilo neno ruzuku ndilo linatuchanganya, mtu akilisikia anangoja M-Pesa ilie. Hii ya mbolea serikali inakulipia sehemu ya bei, wewe unamalizia. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa umefika kama 6,500, Septemba ukashushwa hadi 3,500, halafu 2023 ukafika 2,500. Piga hesabu, ukichukua mifuko minne, miwili ya kupandia na miwili ya CAN, ile ya kukuzia, kwa ile bei ya zamani ni 26,000 na kwa ruzuku ni 10,000. Hizo 16,000 ndizo ruzuku yako, ni vile tu hazipiti mkononi.

Meseji ya jirani basi ni vocha, inamwambia ana haki ya mifuko mingapi. Yako kukosa, mimi ningeanza na namba. Unakumbuka vile uandikishaji ulikuwa, watu wamejaa, mtu anasoma kitambulisho kwa sauti mwingine anaandika, tarakimu moja ikiruka imeruka. Ama ulitoa laini ya mama watoto, ama ile iliyopotea, na vocha imelala huko. Rudi kwa chifu na kitambulisho chenyewe, si fotokopi, mwambie akusomee kile kimeandikwa: namba ya kitambulisho, simu, na ekari. Usiulize tu "niko?" atakwambia uko uende nyumbani. Hapo kwa ekari angalia vizuri, manake mifuko inafuata ekari, na kuna watu walitaja nusu ekari wakidhani wanaandikwa kodi, saa hii wanalia.

Vocha ikiingia, usiende depo ya Bodi ya Nafaka, pale mbolea inachukuliwa, peke yako na boda, nauli itakula nusu ya faida. Mkijikusanya majirani sita mkodi pikapu moja inakuwa nafuu. Na kabla mfuko haujapanda gari, angalia mshono kama umefunguliwa ukashonwa tena, halafu risiti iweke pamoja na kitambulisho. Mwaka 2024 kulipatikana mbolea mbovu ndani ya huu huu mpango, serikali ikasema walionunua watafidiwa, na ukienda kudai kitu kama hicho bila karatasi utaongea hadi jioni.

Mvua kwenu ni Machi, kwa hivyo kwa chifu nenda wiki hii. Na huyo jamaa wa mia tano, mtaje hapo hapo ofisini kwa sauti, wengine wasikie.