Roketi chungu: nilivyokataliwa, na nilichobadilisha

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, roketi yangu imetoa maua kabla sijala hata saladi moja. Niliuziwa mbegu feki?" Ujumbe ule niliusoma mara tatu, maana mwaka juzi nililalamika hivyohivyo kuhusu roketi, hii mboga ya majani ya saladi.

Najua tunachotaka wengi wetu: bustani ndogo nyumbani, tule, tuuze kidogo. Mimi nilianza na ndoo nne za lita 20 nyuma ya nyumba, hapa Tabata. Hamu alinitia shangazi yangu aliyeishi Muscat miaka mingi. Yeye roketi huiita jirjiri, na kule huliwa mbichi pembeni ya wali na samaki, ndimu ikikamuliwa juu. Ni jani lenye ukali wa haradali, ndugu wa kabichi na figili.

Nilipanda Januari. Siku ya nne mbegu zikachomoza, nikapiga picha nikatuma kila grupu. Nikaenda mgahawa mmoja, siutaji, nikamwahidi mpishi mafungu kumi kila Ijumaa. Siku ya 25 majani yalikuwa mororo kabisa, lakini nikasema ngoja yaongezeke, mafungu yanone. Hapo ndipo nilipoharibu. Ndani ya juma moja katikati ya kila mche likachomoka shina, likayapita majani, juu limebeba vitumba vya maua. Nikavuna hivyohivyo.

Mpishi alichukua jani moja, akalikunja, akatafuna. Akalitemea kiganjani mbele ya vijana wake wa jikoni. "Mama, umeniletea mwarobaini?" Wakacheka wote. Nilirudi na daladala nimeukumbatia mfuko, majani yakinyauka mapajani. Mpaka leo nikipita barabara ile naangalia upande wa pili.

Mbegu hazikuwa na kosa lolote. Roketi hupenda ubaridi. Joto likizidi, mmea hukimbilia kuzaa. Nguvu yote huenda kwenye maua na mbegu, na majani hubaki makali, machungu. Dar kuanzia Januari hadi Machi mchana hupita nyuzi 30, na ndoo zangu zilikaa juu ya saruji, jua la saa nane likizipiga bila huruma. Mizizi ilikuwa inapikwa.

Nikahamishia ndoo ukuta wa mashariki, zipate jua la asubuhi tu mpaka kama saa tano. Nikaziinua juu ya matofali, nikatandaza neti ya kivuli. Nikapanda tena Juni, kipupwe kilipoingia. Samadi ya kuku niliiacha ioze kwanza, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza miche. Mbegu nilizifunika kwa udongo kidogo mno, chini ya sentimita moja, na maji asubuhi na jioni. Neti yenye matundu madogo hukinga pia vile vidude vyeusi vinavyoruka kama viroboto na kutoboa majani kama chekeche, ila uitandaze tangu siku ya kupanda.

Na nikavuna mapema. Wiki ya tatu, ya nne, basi. Mkasi, vidole viwili juu ya udongo, kitovu cha mche nakiacha. Hukua tena, nikakata mara ya pili, na ya tatu. Kila baada ya wiki mbili napanda ndoo nyingine ili mkono usikauke.

Sasa nina wateja wawili, na mmoja ni mpishi wa hoteli anayenipigia simu mwenyewe Alhamisi jioni. Nasema kwa fahari, nimeitolea jasho.

Ndugu zangu, tuache kulaumu muuza mbegu kabla hatujaangalia jua linapiga wapi. Tuache tamaa ya fungu kubwa. Jani likiwa sawa na kidole chako, kata. Usingoje Jumapili, usingoje wageni. Kivuli mchana, mkasi mapema. Nimeshasema na nitarudia kila atakayeniuliza.

Na wewe dada wa Mbagala, usiing'oe yote. Yale maua meupe yenye mishipa myeusi yanaliwa, yatupie kwenye kachumbari. Miche miwili mizuri iache izae, maganda yakauke kabisa juu ya shina, kisha uyapukuse ndani ya bahasha. Hizo ndizo mbegu zako za Juni.