Je, kugawanyika kwa mitokondria ndiko kunakoua seli?

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, hukatikakatika seli inapokaribia kufa. Je, kukatika huko ndiko kunakoiua? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Si moja kwa moja. Mitokondria hugawanyika hata katika seli yenye afya, kwa kazi ya protini iitwayo Drp1, ambayo huuzunguka utando wa nje kama pete na kuubana hadi ukatike. Seli inapopata amri ya kujiua, protini nyingine, Bax, hukusanyika mara nyingi kwenye sehemu zilezile za mkato na kuutoboa utando huo. Saitokromu c, protini iliyomo ndani ya mitokondria, huvuja na kusababisha kuamshwa kwa vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo huibomoa seli kutoka ndani.

Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba Drp1 ikizuiwa, kifo hicho huchelewa. Neno la kuzingatia ni “huchelewa”, kwa maana majaribio ya baadaye yaligundua kuwa utando waweza kutobolewa hata pasipo mgawanyiko. Ndiyo maana mimi huuona mgawanyiko kuwa msaidizi tu wa kifo hicho, ingawa kwa uhai wenyewe hauepukiki: panya wasio na Drp1 hufa wakiwa bado viinitete.