Hijama: usisome afya yako kwenye rangi ya alama

Mtu akitoka kwenye hijama, yaani tiba ya kuumikwa kwa vikombe vinavyovuta ngozi, cha kwanza anachouliza ni alama zake zimekuwa nyeusi kiasi gani. Kadiri zilivyo nyeusi, ndivyo anavyoamini alikuwa mgonjwa. Mimi naumikwa mara kwa mara kwa sababu ya shingo na mabega, kazi yangu ikiwa ni ya kuinamia kompyuta kutwa, na swali hilo nakushauri uachane nalo.

Kikombe kikishavutwa hewa, ngozi hupanda ndani yake, ikawa nyekundu, kisha zambarau. Vishipa vidogo vya chini ya ngozi hupasuka na damu ikavilia. Ndiyo miduara ile aliyoonekana nayo muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Weusi wake unategemea nguvu ya mvuto, muda kikombe kilivyokaa na ngozi yenyewe. Ndani ya wiki mbili hivi huwa zimefifia.

Kwenye hijama ya kuchanja, ile ya kukata ngozi kidogo kwa wembe ili kikombe kivute damu, ndiko maneno yanakozidi. Mtoa huduma mmoja alininyanyulia kikombe chenye bonge jeusi, zito kama ini, akaniambia, "Unaona uchafu uliokuwa unakusumbua?" Bonge lile ni damu iliyoganda tu. Damu yoyote ikitoka kwenye mishipa na kutulia huganda, na ikiwa na oksijeni kidogo huwa nyeusinyeusi. Kazi ya kusafisha damu wanayo ini na figo, nao hawahitaji wembe.

Sasa mbona narudi? Kwa sababu nafuu naipata: shingo inageuka, usingizi unakuja. Zipo tafiti zilizoona maumivu ya shingo na mgongo yakipungua kwa muda mfupi, ila nyingi ni ndogo, na huwezi kumficha mtu kwamba amewekewa kikombe, hivyo ni vigumu kujua imani imechangia kiasi gani. Ukiambiwa uache dawa za presha au kisukari kwa sababu ya hijama, chukua viatu vyako uondoke.

Wanaofuata sunna hupendelea tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo. Hilo la ibada sina neno nalo. Neno langu liko kwenye wembe: ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe viwe vipya, si vilivyosuuzwa. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi siku 7 na zaidi kwenye kitu kikavu, kwa hiyo kikombe kinachong'aa si ushahidi wa usalama. Usione haya kuuliza.

Kabla hujavua shati, sema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, una upungufu wa damu, ni mjamzito au damu yako huchelewa kukata. Kwa hali hizo muone daktari kwanza. Wengine husisitiza uende na njaa. Mimi nikienda na njaa kizunguzungu hunishika, kwa hiyo hula kidogo mapema. Ukihisi jasho la baridi au macho kuingia giza, sema hapohapo na ulale chali.

Baada ya hapo usisugue wala kuogelea mpaka machanjo yafunge. Yakivimba, yakiwaka moto au kutoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usirudi kwa aliyekuchanja akuongezee vikombe.