Maswali ya wasomaji: nichague riwaya ipi ya Kimarekani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza katuambia kila mtu achague riwaya moja ya Kimarekani iliyo klasiki, aisome yote alafu aandike insha ya kurasa tano kuhusu wahusika na dhamira. Tulipewa wiki sita, mbili nimeshazimaliza nachagua tu. Kila nikiingia mtandaoni nakutana na orodha za vitabu mia vya lazima kusoma na Moby-Dick haikosi humo. Wenzangu wengi wamekimbilia The Old Man and the Sea kwa sababu ni kijitabu. Kiingereza changu ni cha kawaida tu na nasoma polepole, lakini sitaki kuandika kitu ambacho darasa zima limeandika. Na hivi klasiki maana yake nini hasa, ni kitabu cha zamani au? Nisaidie mwalimu, nimechanganyikiwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tulia kwanza. Wiki nne zilizobaki zinatosha kabisa kama utachagua wiki hii, ila hazitoshi kama utaendelea kusoma orodha, maana orodha zinapanga vitabu kwa umaarufu na wewe unatafuta kitabu cha kukaa nacho mwezi mzima.

Nianze na hilo la klasiki. Uzee peke yake hautoshi. Moby-Dick ya Herman Melville ilitoka 1851, haikuuza, mwandishi akafa 1891 watu karibu wameshamsahau, ni miaka ya 1920 ndo wasomaji wakaja kuifukua. The Great Gatsby ilitoka 1925 na F. Scott Fitzgerald akafariki 1940 akiamini kitabu chake kimeshindwa. Anayeniuma zaidi ni Zora Neale Hurston. Riwaya yake, Their Eyes Were Watching God, ilitoka 1937 alafu ikapotea madukani miaka mingi, mwenyewe akafa 1960 hana kitu, kaburi lake huko Florida likakaa bila hata jiwe mpaka 1973 mwandishi Alice Walker alipoenda kulitafuta kwenye majani marefu akamwekea jiwe lenye jina lake. Sasa hiyo kwangu ndo klasiki, kitabu ambacho mwandishi keshazikwa, matangazo yalishaisha zamani, na bado kuna mtu anakifuata mpaka kwenye majani.

Tuje kwenye kuchagua. Usianze na muhtasari, usiangalie jalada, na kurasa usizihesabu bado. Tafuta vitabu vitatu, kaa sehemu yenye utulivu, soma kurasa tano za mwanzo za kila kimoja kwa sauti. Nasema kwa sauti kabisa, siyo kwa macho, kwa sababu macho yanaruka lakini mdomo hauruki, ukikwama utajua umekwama, na kitabu ambacho mdomo wako unakifuata hadi ukasahau kwamba unapima, hicho weka pembeni. Kama huna nakala, Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wana za bure za riwaya nyingi za zamani, The Scarlet Letter ipo, Huckleberry Finn ipo, hata Gatsby ipo sasa maana hakimiliki yake Marekani iliisha 2021.

Kipimo hiki kitakuepusha na mengi. The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne (1850) inaanza na utangulizi mrefu kuhusu ofisi ya forodha, na nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakikata tamaa humo kabla hata mhusika mkuu, Hester Prynne, hajatoka gerezani na ile herufi kifuani anayovalishwa kama adhabu ya uzinzi. Ukiipenda ruka utangulizi, anza sura ya kwanza, utangulizi utaurudia mwishoni. The Sound and the Fury ya William Faulkner (1929) inafunguliwa na Benjy, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, na wakati unaruka mbele na nyuma bila kukuaga, ni kazi kubwa mno naipenda ila siyo ya wiki nne. Moby-Dick ina sura 135, na ile ya 32 inapanga aina za nyangumi kama vile unasoma kamusi. Utaisoma siku moja ukiwa huna dedilaini, na siku hiyo utafurahi.

Kuhusu The Old Man and the Sea (1952), sikukatazi. Ni kitabu kizuri, Ernest Hemingway alipata tuzo ya Pulitzer kwa hicho 1953 na mwaka uliofuata tuzo ya Nobel ya fasihi. Ila ufupi wake unawadanganya watu. Umeambiwa uandike kuhusu wahusika, na humo sehemu kubwa ni mzee Santiago yuko baharini peke yake baada ya siku 84 bila kupata samaki, kuna yule kijana Manolin mwanzoni na mwishoni, kuna samaki, kuna papa, basi. Kujaza kurasa tano za uchambuzi wa wahusika hapo kunataka mtu aliyezoea sana kusoma kimya cha mtu. Kijitabu siyo lazima kiwe chepesi.

Kipimo cha pili ndo ninachokijali kuliko chochote. Kabla hujasema nimechagua, jiulize, kuna tukio moja humu naweza kuliweka kidole? Insha zinazokufa nimezisahihisha miaka na miaka na karibu zote zinafanana, zinasema dhamira za riwaya hii ni mapenzi, umaskini na usaliti, alafu zinataja fani, taswira, mandhari, kila kitu kipo na hakuna kitu, kwa sababu mwandishi wa insha hakuona chochote kwa macho yake. Insha nzuri inaanzia pale ambapo ulisimama kusoma.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Kwenye Gatsby, sura ya tatu, ni usiku wa sherehe kubwa nyumbani kwa tajiri Gatsby, na kuna mgeni mmoja mwenye miwani kaingia maktaba, anatoa kitabu rafuni anashangaa, anawaambia wenzie vitabu hivi ni vya kweli, alidhani ni makasha ya kupamba. Alafu anaona kurasa hazijakatwa. Zamani vitabu vingine viliuzwa kurasa zikiwa bado zimeungana pembeni, msomaji anakata mwenyewe kadiri anavyosoma, kwa hiyo maktaba nzima ile hakuna aliyeisoma. Ukikaa na tukio hilo dogo tu una aya tatu kuhusu Gatsby, nini kwake ni cha kweli, nini ni pambo, na kwa nini vyote viwili vinakaa rafu moja.

Sasa kwa hali yako, yaani msomaji wa polepole asiyetaka kufanana na darasa, mimi nakusogezea hiyo hiyo ya Hurston. Ina sura 20. Janie Crawford anakaa barazani nyuma ya nyumba anamsimulia rafiki yake Pheoby maisha yake, ndoa tatu, sehemu kubwa ikiwa Eatonville, mji wa kweli huko Florida ulioanzishwa na watu weusi na kujitawala wenyewe tangu 1887, na Hurston alikulia hapo. Mazungumzo yameandikwa kama watu wa kusini wanavyotamka, kwa macho utaona herufi za ajabu utaogopa, kwa sauti utasikia watu wanaongea. Ndo maana nilikuambia soma kwa sauti.

Na tukio ni hili. Mume wa pili, Joe Starks, ndiye meya na ndiye mwenye duka, siku moja anamwona mwanaume mwingine anagusa kwa siri ncha ya nywele za Janie, kuanzia hapo anamlazimisha afunge kitambaa kichwani kila akiwa dukani. Miaka inapita. Joe anakufa kitandani, Janie yuko naye chumbani, anaenda kwenye kioo anajitazama, anakivuta kile kitambaa nywele zinashuka. Muhtasari mwingi unaishia hapo, unaandika "Janie anapata uhuru". Lakini kwenye kitabu anazichana, alafu anazifunga TENA, anatengeneza uso wake uwe kama watu wanavyotaka kuuona, ndipo anafungua dirisha anawaita watu kwamba mume wangu kafariki. Vitambaa anakuja kuvichoma vyote baadaye, baada ya mazishi, usiku, peke yake. Kwa nini alifunga tena? Mwanangu, jibu swali hilo moja kwa kurasa tano, na hakuna mwenzako hata mmoja atakayekuwa na insha kama yako.

Kama kurasa tano za mwanzo hazikukamata, usijilazimishe, chukua Of Mice and Men ya John Steinbeck (1937). Sura sita, Kiingereza chepesi, vibarua wawili wa mashambani California wakati wa hali ngumu ya uchumi. Tukio lako litakuwa lile la mbwa wa mfanyakazi mwenzao, mzee Candy. Mbwa kazeeka, ananuka, wenzake Candy wanamshinikiza akubali mbwa apigwe risasi, mbwa anatolewa nje, na wote mnabaki bwenini na Candy mnasubiri mlio. Mtu anaongea kitu kisicho na maana, mwingine anachanganya karata, kimya kinarudi. Mlio ukisikika mzee anageukia ukutani. Ukimaliza kitabu utarudi kwenye ukurasa huo, sikuambii kwa nini.

Soma mara ya kwanza bila kuandika notsi, weka vipande vya karatasi tu unaposimama. Ukimaliza rudi kwenye vipande vitatu vinavyokusumbua zaidi, hivyo visome mara tatu tatu. Wiki ya mwisho iache kwa kuandika.

SWALI: Mwalimu habari ya kazi, mimi nimechagua The Grapes of Wrath ila ni kubwa sana na muda umeisha, naweza kuangalia muvi badala ya kusoma? Niambie ukweli.

JIBU: Hapana. Ile filamu ya 1940 ya John Ford ni nzuri na uitazame, lakini mwisho wake siyo mwisho wa Steinbeck, aliyeandika kitabu. Filamu inaisha wamo garini, mama wa ukoo wa Joad anasema maneno ya matumaini. Kitabu kinaisha ghalani, mafuriko nje, binti yao Rose of Sharon katoka kujifungua mtoto aliyekufa na mbele yake kalala mwanaume asiyemjua anayekufa kwa njaa. Anachokifanya binti huyo ndo kitabu chenyewe. Ukiandika mwisho wa filamu, mwalimu wako atajua kwenye mstari wa kwanza. Kama muda kweli umeisha omba kubadilisha kitabu leo, siyo kesho.

SWALI: Je A Raisin in the Sun inakubalika?

JIBU: Hiyo ya Lorraine Hansberry ni tamthilia, ilipanda jukwaani 1959. Nzuri mno, ila umeambiwa riwaya.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi. Binti yangu wa miaka kumi na tano kachagua Adventures of Huckleberry Finn, nikafungua kurasa mbili tatu nikakuta lile neno la kuwatukana watu weusi, linarudiwa na kurudiwa. Nimkataze?

JIBU: Mzazi mwenzangu, umeshtuka kwa haki. Neno hilo limo zaidi ya mara 200, na kuna waliolitoa kabisa, 2011 lilichapishwa toleo lililoweka "mtumwa" badala yake. Wanaokiogopa kitabu hiki hawakuanza leo, maktaba ya Concord huko Massachusetts ilikiondoa 1885, mwaka kilipotoka Marekani, ila wao walilalamikia ukorofi wa Huck, yule mtoto anayesimulia, na lugha yake chafu, siyo tusi hilo.

Mimi nisingemkataza, ila nisingemwacha asome peke yake. Msimulizi ni mtoto aliyelelewa kwenye jamii inayomiliki watu, anatumia neno walilomfundisha, na Mark Twain anatuacha tuone ubaya ambao Huck mwenyewe hauoni. Na binti yako ana haki ya kusema linamuumiza, hata kwenye insha, hiyo nayo ni hoja ya fasihi. Sura za mwisho pia azisome kwa jicho kali, pale Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anapoufanya utumwa wa Jim, mtumwa anayetoroka na Huck, kuwa mchezo, wahakiki wengi wanaona kitabu kinateleza hapo, na mimi nakubaliana nao.

Lakini kuna sura ya 31. Huck anaamini kabisa kwamba kumsaidia Jim kutoroka ni dhambi, anaandika barua kwa bibi anayemmiliki amwambie Jim yuko wapi, akimaliza anajisikia msafi, anaweza sasa kusali. Barua iko pale. Anaanza kumkumbuka Jim kwenye chelezo, jinsi alivyokuwa akishika zamu mbili usiku ili yeye Huck aendelee kulala. Anaichukua ile barua, mkono unatetemeka, anabana pumzi. Anasema basi, bora niende motoni, anaichana. Mwambie binti akifika ukurasa huo akuite, mkae, umsomee wewe.