Mlikuwa wapi siku zote?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa juu ya lile jiwe la nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika vizuri. Unasema umepewa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu kipindi cha utu katika tiba. Siku ya kwanza ukawaeleza habari za huruma, binti mmoja akanyoosha mkono: "Dokta, hili litatoka kwenye mtihani?" Darasa likacheka, wewe ukakosa la kusema. Jioni ukaniuliza mimi: "Mama, huruma inafundishika kweli, au mtu anazaliwa nayo?"

Mimi ni nesi mstaafu, sikuwahi kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Ila kwa miaka 34 wodini nimewaona wanafunzi wa udaktari wakija kundi baada ya kundi, wengine sasa ni mabingwa wenye vipara. Kwa hiyo nikujibu kwa niliyoyaona. Ile hisia ya moyoni sijui inafundishwaje, na wala sijui kama ni kazi ya chuo. Matendo yanafundishika, kama kuchoma sindano kunavyofundishika. Na mkono usiochoma sindano unasahau.

Anza na shikamoo. Najua umeizoea hata huioni tena. Mzee wa miaka sabini anatoka Magu au Misungwi, anaingia chumba cha daktari, anavua kofia, anamwamkia kijana wa miaka ishirini na minne: "Shikamoo daktari." Kijana, macho kwenye karatasi, anaitikia: "Marahaba." Kijijini kwao asingethubutu, bibi yake angemchapa. Lakini koti jeupe linageuza umri wa watu. Na yule mzee akishatoa shikamoo ile, amekwisha kujiweka chini. Atakwambia kichwa kinamuuma, wakati kilichomtoa nyumbani ni mkojo wenye damu ambao ameona aibu kuutaja mbele ya mjukuu aliyemwitikia marahaba. Unajua huku kwetu mkojo wa damu unatupeleka wapi. Kichocho kipo hadi kwenye madimbwi ya mashamba ya mpunga.

Basi usiwaambie wanafunzi wawe na huruma. Waambie wawahi kumwamkia mzee kabla hajawaamkia wao. Ni tendo, linaonekana, na asiyelifanya utamjua.

Ulinisimulia kwamba ile sherehe ya kuwavisha wanafunzi koti jeupe ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1993, kwa daktari wa watoto, Arnold Gold, aliyeona kwamba kiapo cha siku ya kuhitimu kinakuja kimechelewa. Nampa haki yake. Sisi manesi tulishika mishumaa tukala kiapo, na nilitokwa na machozi. Ila mshumaa ulizimwa saa ile ile, na kesho yake zamu ilikuwa na wagonjwa arobaini na manesi wawili.

Jambo la pili ni raundi. Wanakuja watu kumi na wawili, bingwa mbele, wanazunguka kitanda, wanaongea Kiingereza. Mgonjwa amelala katikati yao anageuza macho kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Akicheka mmoja, mgonjwa anadhani amepona. Akikunja uso mwingine, anajua anakufa. Wakihamia kitanda cha pili ndipo ananishika gauni: "Sista, wamesemaje?" Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa jina langu. Wengine waliniuliza kwa Kisukuma, kwa sababu hata Kiswahili chenyewe kilikuwa kinawapiga chenga. Na mara nyingi nilidanganya kidogo, kwa kuwa hata mimi sikuwa nimesikia vizuri.

Alikuwepo bingwa mmoja, marehemu sasa, ambaye hakuondoka kitandani bila kumwachia mwanafunzi mmoja kazi: "Wewe baki. Mweleze tulichosema, halafu njoo unieleze amekujibu nini." Ni dakika tatu tu. Wanafunzi walimwogopa kwa hilo kuliko kwa maswali ya dawa, maana kurudia Kiingereza cha kitabu ni rahisi, lakini kumwambia mama wa Kwimba kwamba figo zake zimechoka, kwa maneno atakayoyabeba hadi nyumbani, lazima wewe mwenyewe uwe umeelewa. Katika wote niliofanya nao kazi, huyo ndiye aliyefundisha huruma, na neno huruma sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Ule utafiti wa Marekani ulionitumia nimeusoma. Mwaka 1984 walirekodi mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa, wakakuta kwamba kwa wastani mgonjwa anakatwa kauli baada ya sekunde 18. Nilipousoma nilicheka peke yangu. Msukuma ndani ya sekunde 18 hajamaliza kukuulizia habari za nyumbani! Huo mwingine, wa chuo cha udaktari cha Jefferson kule Philadelphia, uliochapishwa 2009, haukunichekesha. Unasema wanafunzi walipojipima wenyewe, huruma yao ilishuka mwaka wa tatu, mwaka ule ule wanaoanza kukutana na wagonjwa kila siku. Watu wa chuoni wameshangaa, eti walitarajia ipande. Sisi wa wodini tungewaambia bure. Mwanafunzi anaingia Oktoba analia kwa kila kifo, anajificha stoo ya mashuka. Ikifika Juni anasema "kitanda namba sita" akimaanisha mtu. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha hivyo. Ametutazama sisi tu.

Kwa hiyo usihangaike na wanafunzi peke yao. Wahangaikie na wanaowatangulia: maintani, yaani madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo, mabingwa, na manesi pia, usituonee haya. Ukiwafundisha darasani saa mbili kwa wiki kisha wakaenda raundi ya mtu anayemfokea mgonjwa, somo lako limekwisha mlangoni.

Na "pole" nayo uiangalie. Kiswahili kimetupa neno zuri hata likachakaa. Unasema mnawapima wanafunzi kwa wagonjwa wa kuigiza, kama alivyoanzisha yule daktari Barrows kule Los Angeles mwaka 1963, na kwamba kuna alama ya kumpa mgonjwa pole. Basi watasema pole, wote. Nimemsikia mmoja akimwambia mjane "pole sana mama" huku mkono mwingine unatafuta kalamu. Kama ni mimi, alama hiyo ningeitoa kwenye pole nikaiweka kwenye kiti. Alivuta kiti akakaa, au alisimama kama askari wa geti?

Sasa nikwambie la kwangu, ambalo hata baba yako sikumwambia.

Ilikuwa mwaka 1997, zamu ya usiku, wodi ya watoto, hospitali siitaji. Watoto walilala wawili wawili. Kwenye saa tano akaingia mwanamke amebeba mtoto wa miaka mitatu hivi, viganja vyeupe kama karatasi, macho ya manjano, anahema kwa mbavu. Nikampokea kwa sentensi tuliyokuwa tukiwapokelea wote: "Mlikuwa wapi siku zote? Mnakaa na mtoto nyumbani mpaka anataka kufa, ndiyo mnatuletea sisi?" Hakujibu. Alishusha macho, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

Mtoto aliongezewa damu. Asubuhi aliketi akaomba uji, na mimi nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri kabisa, nimeokoa maisha.

Siku ya tatu, nikiwa natandika, nikamsikia akimsimulia mwenzake wa kitanda cha jirani. Walitoka kisiwa cha Ukara. Siku ya kwanza ziwa lilichafuka, mitumbwi haikutoka. Siku ya pili wakavuka hadi Bugolora, wakapakiwa kwenye baiskeli hadi Nansio, wakakuta meli ya Mwanza imeng'oa nanga. Wakalala bandarini. Nauli ilikuwa ya mbuzi aliyeuzwa kwa hasara. Na mumewe alikataa wasipande meli, maana MV Bukoba ilikuwa imezama Mei ya mwaka uliotangulia na watu walikuwa hawajamaliza kuomboleza, kwa hiyo aliondoka bila ruhusa. Mtoto alitapika njia nzima. Halafu akasema, polepole tu, kama anayetaja hali ya hewa: dada wa mtoto huyu alikufa hivi hivi, macho ya manjano, damu imekwisha.

Nilisimama na shuka mkononi. Mtoto alikuwa ameandikiwa malaria na upungufu wa damu. Hakuna aliyekuwa amefikiria selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nikaenda kumwambia daktari, kipimo kikafanywa, ndiyo yenyewe. Kama mwanamke yule angeondoka siku ya pili, na alikuwa anaomba kuondoka, mtoto angerudi kisiwani na jina lisilo lake la ugonjwa.

Unaona kilichotokea, baba? Swali lenyewe halikuwa baya. Mlikuwa wapi siku zote? Ndilo hilo hilo mnalofundishwa kuliuliza mnapochukua historia: ulianza lini, mlifanya nini, mlipita wapi, nyumbani kuna mwingine aliyeugua hivi? Mimi nililiuliza nisitake jibu. Na jibu alikuwa nalo, limekamilika, na ugonjwa wa mtoto ulikuwa ndani yake. Nililinyamazisha kwa sauti yangu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wenzako wanaoiita huruma pambo, eti kwanza utaalamu, huruma baadaye muda ukiruhusu. Usiku ule mimi nilikosa utaalamu.

Ukipata nafasi, wachukue wanafunzi wako uwape zoezi moja. Kila mmoja amwombe ruhusa mgonjwa mmoja, aweke koti kwenye mkoba, afuatane naye siku nzima: foleni ya kadi, dirisha la malipo, maabara, kurudi tena kwa daktari, dirisha la dawa, kuambiwa dawa hii haipo kanunue nje, kuuliza bei maduka matatu, kisha stendi. Kama mgonjwa ni wa huku ziwani, wafike naye hadi gatini, waone boti inavyosubiriwa. Watu wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani mgonjwa alihesabiwa foleni ya kivuko pamoja na malori. Wa visiwani bado wanategemea maji, na hofu yao ina sababu. MV Nyerere ilizama Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Mwanafunzi asiyejua hayo, akimwona mama wa Ukara amechelewa, ataandika "uzembe wa mzazi". Nimeyaona maneno hayo kwenye faili.

La uchovu nalitaja kwa kifupi, wewe unalijua kuliko mimi. Kile kiapo cha madaktari cha Geneva cha 1948, walipokipitia upya mwaka 2017, waliongeza kwamba daktari aitunze na afya yake mwenyewe ili aweze kuhudumia vizuri. Ni sawa, ila kiapo hakipiki chai. Maintani wetu niliwafichia chupa ya chai na viazi vitamu nyuma ya kabati la dripu, na aliyekula saa nane usiku hakumfokea mtu saa kumi.

Na wewe mwenyewe nikuseme kidogo, kwa kuwa umeniuliza. Mwaka juzi bibi yako alipolazwa, ulikuja na basi la usiku kutoka Dodoma, ukaingia wodini, ukasimama miguuni pa kitanda ukaanza kusoma faili. Bibi alikuwa amekunyooshea mkono. Ulimaliza kurasa mbili kabla hujauona. Sikusema kitu siku ile kwa sababu nilikuona umeogopa, na wewe ukiogopa unasoma, tangu darasa la nne. Wasimulie wanafunzi wako hilo. Litawaingia kuliko la Philadelphia.

Halafu huyo binti wa mtihani usimkasirikie, ameuliza swali la maana, kwa maana mnachokipima ndicho wanachokishika. Mwambie ndiyo, litatoka. Akimaliza na mgonjwa wake wa kweli, wewe toka nje ya wodi, mtafute ndugu wa mgonjwa pale kwenye benchi, umuulize: "Daktari amewaambia mgonjwa wenu anaumwa nini, na kesho mnatakiwa kufanya nini?" Akiweza kukueleza, mpe binti alama zake. Akikwambia "hatujui, tulikuwa tunamsubiri sista atuambie", arudie.

Mama yako,
Pasiansi, Mwanza