Mutuba wa bonsai unapukutisha majani baada ya kuhamishiwa chungu kipya

SWALI: Salaam, mtaalamu. Ninaishi Jinja na nina mutuba niliouotesha kwa mtindo wa bonsai, yaani mti unaodumishwa mdogo chunguni, kwa miaka kadhaa. Mwishoni mwa Januari niliutoa katika chungu chake cha zamani, nikakata karibu nusu ya mizizi, kisha nikaupanda katika chungu cha kauri kipana chenye kina kifupi, kwa udongo wa shambani uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Niliuweka juani na ninaumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili majani yalianza kuwa manjano na kuanguka, nami nikaongeza urea kidogo, lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Sasa ni wiki ya tano, na matawi mawili hayana jani hata moja. Je, mti umekufa? Niuhamishe tena, au niyakate matawi hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuhakikisha kama mti ungali hai. Mutuba ni wa jamii ya mitini, ambayo ina utomvu mweupe, na utomvu huo unarahisisha uchunguzi. Chukua kisu chenye ncha kali, ukisafishe, kisha ukwangue gome kidogo kwenye ncha ya tawi lililobaki tupu, ukiteremka polepole kuelekea shinani. Pale utakapoona rangi ya kijani chini ya gome na utomvu ukichuruzika, sehemu hiyo ina uhai. Usilikate tawi kwa sababu tu halina majani, kwa kuwa mutuba huweza kuchipua hata kwenye sehemu kongwe zisizo na jani, tofauti na msonobari, ambao tawi lake likishapoteza majani yote kwa kawaida halirudi tena.

Kinachousumbua mti wako ni uhaba wa mizizi inayofanya kazi. Maji hufyonzwa zaidi na ncha changa za mizizi pamoja na vinyweleo vyake, na hivyo ndivyo vinavyopotea kwa wingi wakati wa kukata mizizi na kubadilisha udongo. Majani, kwa upande wao, huendelea kupoteza maji kwa jua na upepo kama kawaida, hivyo mti huangusha baadhi yake ili matumizi yalingane na mapato. Mtu anayeona majani yakinyauka hudhani mti una kiu, akaongeza maji, ilhali mizizi iliyojeruhiwa inahitaji hewa ili ipone na kuotesha ncha mpya. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa hutoweka na majeraha huanza kuoza.

Hapa ndipo chungu chako kipya kinapohusika. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, uiloweshe, uilaze hadi iache kudondosha maji, kisha uisimamishe wima: utaona maji mengine yakitoka. Sponji ni ileile, kilichobadilika ni kimo chake. Udongo katika chungu kifupi hubakiza tabaka la maji sakafuni hata kama matundu yako wazi, na kadiri chembe zake zilivyo laini ndivyo tabaka hilo linavyopanda juu. Ndiyo maana udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao haukuleta shida katika chombo chenye kina, unaweza kuua mti katika chungu cha bonsai. Samadi isiyooza vizuri hutumia hewa kidogo iliyobaki, nayo urea huongeza chumvi inayoizuia mizizi michache iliyopo kunywa maji.

Kwa kawaida huwa ninakataa kabisa mti dhaifu uhamishwe mara ya pili, kwa sababu kila usumbufu huvunja mizizi iliyoanza kuota. Kwako huenda ikabidi, lakini pima kwanza. Acha kumwagilia kwa siku moja, kisha chomeka kijiti kikavu cha mshikaki hadi chini ya chungu na ukiache kwa dakika kumi. Kikitoka kimelowa na kina harufu ya uvundo, udongo ubadilishwe sasa. Kikitoka na unyevu kidogo tu bila harufu, usiuguse mti; mwagilia mara moja kwa maji mengi yanayopita hadi chini ili yaondoe urea, kisha uinamishe chungu upande mmoja mpaka kiishe kutiririka.

Ukilazimika kubadilisha, ondoa tu mizizi myeusi iliyolainika, na usikate hata mmoja ulio mgumu. Tumia sehemu mbili za kokoto nyepesi za volkeno kama zile za Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, au moramu (changarawe nyekundu ya barabarani) ngumu iliyooshwa, pamoja na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa. Chekecha ubakize chembe za milimita 3 hadi 6 na utupe vumbi lote. Kiweke kando chungu cha kauri kwa sasa, utumie chombo chenye kina zaidi na matundu ya kutosha. Funga shina kwa waya unaopita katika matundu hayo, maana mti unaotikisika kwa upepo hukata mizizi yake mipya kila siku. Jambo hili hupuuzwa sana, nami nalihesabu kuwa muhimu kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kisha uweke mti kwenye baraza yenye mwanga mwingi lakini isiyopigwa na jua kali wala upepo. Unaweza kuufunika kwa mfuko wa plastiki angavu ulioachwa wazi kidogo juu, mradi jua lisiufikie. Mwagilia tu pale sehemu ya juu ya udongo inapokauka kwa kina cha sentimita moja. Mvua za Machi zikianza, usiuache chini ya anga wazi. Majani yaliyosalia yasiguswe, kwa kuwa ndiyo yanayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi.

Nina sababu ya kukupa matumaini. Wakulima wa Buganda hupanda mituba kwa kuchomeka ardhini magongo yasiyo na mzizi wowote, nayo huota. Watengenezaji wa lubugo, yaani kitambaa cha gome la mutuba, hubandua gome la shina zima, wakalifunga shina kwa majani ya mgomba, na gome jipya hukua. Mti wenye nguvu za namna hiyo, ukipata unyevu wa kiasi, hewa na joto la Jinja, una nafasi nzuri ya kupona.

Machipukizi ya kwanza yasikudanganye, kwani yanaweza kutokana na akiba iliyomo shinani kabla mizizi haijaota. Subiri hadi majani mapya yakomae na matawi yaendelee kurefuka, ndipo uanze kuusogeza mti juani kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na kuupa mbolea nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Chungu cha kauri kingoje angalau miaka miwili, na uhamisho huo ufanyike mvua zinapoanza, mti ukiwa unachipua kwa nguvu.